Boliti zilizoshika kwenye mashine ya boti

Mashine ya boti iliyotoka Pwani ikiletwa hapa Nairobi kufufuliwa, kitakachokutesa ni boliti. Chuma kikikaa ndani ya alumini na chumvi katikati, hushikana kama vimechomelewa. Usivishe spana bomba ili uongeze nguvu: kichwa kitakatika, na kutoboa kipande kilichobaki humo ni kazi ya siku nzima (niulize mimi). Mwagia mafuta ya kulegeza kutu, uache yalale usiku kucha. Asubuhi, tanki na kabureta vikiwa mbali, pasha moto alumini inayoizunguka boliti, si boliti yenyewe. Gonga kichwa kidogo kwa nyundo, kaza kidogo, ndipo ulegeze. Ukisikia “ki!”, imeachia.

Kila inayotoka, ichomeke kwenye katoni uliyochora umbo la silinda hedi (kifuniko cha silinda), kila moja mahali pake, maana urefu hutofautiana.

Oili ya gia nayo itazame unapoimwaga. Ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia na huenda sili (mipira ya kuzuia maji) zimeisha. Ukienda kuzitafuta kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, beba za zamani mkononi. Wauzaji wengi pale wamezoea magari, lakini vipimo wanavisoma.