Somo: Kutoa na Kupokea Maoni juu ya Picha ya Mlango wa Kale

Picha za milango ya Mji wa Kale wa Mombasa zimekuwa nyingi hapa kikundini kwetu siku hizi, na karibu zote hupata jibu lile lile: "Maashallah, kazi safi." Dua hairudishwi, lakini mpiga picha aliyepewa dua peke yake hatajua kesho asimame wapi wala aje saa ngapi. Mfano wetu leo ni picha ya mlango mmoja wa mtaa wa Ndia Kuu: mbao mbili zimefungwa, mfaa wenye nakshi, yaani mti wa wima zinapokutana mbao hizo, umesimama katikati, ukuta ni mweupe wa chokaa, kulia kuna sanduku la mita ya stima, na kivuli kizito kimefunika sehemu yote ya juu.

Hatua ya kwanza ni ya mwenye picha mwenyewe. Kabla ya kuomba maoni, na aandike sentensi mbili za kueleza alichokusudia, kwa kuwa anayetaka kuhifadhi kumbukumbu ya nakshi na anayetaka kuonyesha mtaa unavyoamka asubuhi hawawezi kupimwa kwa kipimo kimoja. Lile sanduku la mita ni kasoro kwa wa kwanza. Kwa wa pili ni ushahidi kwamba nyumba ina wenyewe. Ataje pia saa aliyopiga, na kama picha imehaririwa.

Hatua ya pili ni kutazama na kutaja kilichomo kabla ya kuhukumu. Hapa majina ya sehemu za mlango yana faida kubwa: miimo ya pembeni, kizingiti cha chini, mfaa wa katikati, ubao wa juu wenye nakshi. Ukiandika "mwimo wa kushoto umekatwa na ukingo wa picha", mwenzako ataona mara moja. Ukiandika "pale pembeni kidogo", umemwachia kazi ya kukisia. Ubao wa juu utazamwe kwa makini zaidi, maana katika baadhi ya milango ndipo palipochongwa maandishi ya Kiarabu, pengine pamoja na mwaka wa Hijria. Picha iliyokata maandishi hayo nusu imepoteza jambo ambalo hakuna uhariri utakaolirudisha, na hilo litangulie maoni mengine yote.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo ninayoona inarukwa kuliko zote, ni kusoma mwanga. Mombasa iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua huwa karibu na utosi, hasa mwezi wa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na kila kinachotokeza ukutani humwaga kivuli chake moja kwa moja chini. Nakshi huonekana kwa sababu ya vivuli vidogo vilivyomo ndani ya michongo, na vivuli hivyo hutokea vizuri mwanga unapopita kwa ubavu, si unapoanguka kutoka juu wala unapopiga usoni. Jambo la pili ni ukuta. Kamera ikiachiwa ijipimie mwanga, huuona weupe wa chokaa na kudhani mandhari yote yang'aa mno, hivyo hupunguza mwanga na kuufanya mti mweusi wa mlango uwe kama shimo. Basi usiseme tu kwamba "picha ina giza". Sema kwamba ukuta umeivuta kamera, na kwamba angegusa mlango kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, nakshi za mfaa zingesomeka, ingawa ukuta ungepoteza kidogo.

Mistari haihitaji maneno mengi. Miimo ikiegemeana kuelekea juu, kamera ilielekezwa juu. Dawa yake ni kuishika sambamba na ukuta, karibu na nusu ya urefu wa mlango. Vichochoro vyetu ni vyembamba na mara nyingi hakuna pa kurudi nyuma, kwa hiyo umshauri mpiga picha aache nafasi ya ziada pembeni, kwa kuwa programu ya kunyoosha mistari hula kingo.

Hatua ya mwisho kwa mtoaji ni kuandika. Kwa picha yetu ningeandika hivi: "Jicho langu lilikwenda kwanza kwenye mfaa, na umekaa vyema katikati. Ulisema wataka nakshi, lakini kivuli kimeficha ubao wa juu. Mlango huu ukielekea mashariki, jaribu mapema zaidi, kabla jua halijapanda." Maoni hayo yamesifu kitu kinachoonekana, yamerejea kusudio la mwenyewe, na yametoa jambo linalotendeka.

Kwa mpokeaji, kazi ni kujizuia. Kueleza kwamba jua lilikuwa kali au kwamba pikipiki ilikuwa inapita hakubadilishi picha anayoiona mwenzio. Shukuru, uliza pale usipoelewa, kisha jaribu ushauri kwenye nakala huku ile ya asili ukiiacha kama ilivyo. Huna wajibu wa kukubali kila neno, ila si vyema kulikataa kabla ya kulijaribu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Likoni: Mwalimu, mzee anayenizidi umri ameweka picha iliyopinda. Nitamwambiaje bila kumvunjia heshima?

Jibu: Anza kwa shikamoo, kisha uliza: "Mzee, ulipenda mlango uinamie kushoto namna hii, au ni nafasi ndiyo iliyobana?" Ukimuuliza, umemwachia nafasi ya kujieleza, na akitaka dawa atakuuliza mwenyewe. Usimnyamazie kwa sababu ya umri. Huko ni kumnyima.

Mwanachama wa Kisauni: Picha ikiwa na makosa mengi, niyataje yote?

Jibu: La. Taja moja au mawili, na uchague yale ambayo atayaweza kwa kifaa alicho nacho. Kumshauri mwenye simu anunue lenzi si maoni.

Mwanachama wa Majengo: Kuna bibi ameketi barazani kando ya mlango. Je, hilo nalo ni la kusemewa?

Jibu: Ni la kuulizwa kabla ya yote: aliombwa ruhusa? Wakazi wa Mji wa Kale wamechoshwa na kamera, na mlango ni wa nyumba ya mtu. Kama ruhusa haipo, mwambie mwenye picha aiondoe, na habari za mpangilio zisubiri. Kama ipo, hapo sema iwapo bibi anaupa mlango kipimo cha ukubwa au anaushindania jicho.

Mwanachama wa Tudor: Dada mmoja ameniambia nizikate nyaya za stima zinazoonekana juu katika picha yangu, na kaka mwingine ameniambia nisiziguse. Nimsikilize nani?

Jibu: Rudi kwenye zile sentensi mbili ulizoandika mwanzo. Ulisema wataka "mlango kama unavyoonekana leo", na nyaya ni za leo, kwa hiyo kwangu zingebaki. Lakini tengeneza nakala mbili, uziweke sambamba, na umuulize kila mmoja wao jicho lake limetua wapi kwanza.