Namna ya Kumsaidia Mwanachuo Mwenye Disleksia Kuandika kwa Kompyuta

Mwanachuo mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuendeleza maneno, anaweza kulieleza somo kwa ufasaha anapozungumza, lakini akishika kalamu hutoa aya fupi yenye maneno mepesi tu, kwa kuwa hukwepa kila neno asiloweza kuliendeleza kwa uhakika. Huo si upungufu wa akili wala uvivu. Kompyuta humfaa zaidi pale inapotenganisha kazi ya kufikiri na kazi ya tahajia, na mkufunzi anapaswa kuipanga kwa lengo hilo.

Wakati wa rasimu ya kwanza, zima kikagua tahajia. Mistari myekundu humkatiza mwandishi katikati ya wazo, na ikiwa lugha ya ukaguzi imebaki Kiingereza, hata neno "mwanafunzi" lililoandikwa sawasawa hupigiwa mstari, naye aliyezoea kusahihishwa hulifuta akidhani amekosea tena. Kikaguzi kitawashwa mwishoni, baada ya kuchagua lugha inayoandikwa.

Anayekwama kwenye kibodi na aandike kwa sauti, yaani azungumze na kompyuta igeuze maneno yake kuwa maandishi. Katika Google Docs, ndani ya kivinjari cha Chrome, bonyeza Ctrl, Shift na S kwa pamoja, kisha chagua Kiswahili cha Kenya au cha Tanzania. Intaneti inahitajika, pamoja na chumba tulivu. Mwanafunzi aseme sentensi moja nzima, atue, ndipo aendelee. Nukta na koma atazitia mwenyewe baadaye. Mpe kwanza maswali matatu au manne ya kujibu kwa mdomo, maana kuzungumza bila mpango huzaa kurasa nyingi zisizo na mpangilio. Majibu hayo yakishapata vichwa vidogo, ni rahisi kuyahamisha mpaka hoja zifuatane.

Hatua ninayoithamini kuliko zote ni ya kusikiliza. Kikagua tahajia hakioni kosa katika "mgonjwa anatoka dawa", kwa sababu "anatoka" ni neno halali. Jicho la mwenye disleksia nalo huweza kulipita, lakini sikio hutambua mara moja kwamba lilikusudiwa "anataka". Hifadhi kazi kama PDF, ifungue kwa Microsoft Edge, kisha bonyeza Ctrl, Shift na U ili isomwe kwa sauti. Kivinjari hicho kina sauti za Kiswahili, zikiwamo za Rehema na Daudi kwa matamshi ya Tanzania. Punguza kasi, mwanafunzi avae vipokea sauti vya masikioni, na asimamishe kila anaposikia jambo asilolikusudia. Mkufunzi aliyeketi kando asimtangulie kulitaja kosa.

Wakati wa kusahihisha, toa maoni kuhusu hoja kwanza, kisha uchague aina moja au mbili za makosa ya lugha, badala ya kuujaza ukurasa alama. Mapema katika muhula, ulizeni ofisi ya mitihani ni programu zipi zitaruhusiwa na kama muda wa ziada utatolewa, ili mwanafunzi afanye mazoezi kwa nyenzo zilezile atakazozitumia siku ya mtihani.