Maiki Tatu, Kompyuta Moja, Kila Sauti na Traki Yake

Mara ya kwanza kurekodi mazungumzo ya watu wawili, nilichomeka maiki mbili za USB kwenye kompyuta nikajiona fundi. Dakika za mwanzo zilitoka safi. Tulipokaribia kutimiza saa nzima, kicheko cha mgeni kilikuwa kinatangulia utani uliomchekesha.

Maiki zenyewe zilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba kila maiki ya USB ina saa yake ya ndani inayohesabu sampuli (vipimo vya sauti vinavyochukuliwa maelfu ya mara kila sekunde), na saa mbili za namna hiyo haziendi sawasawa. Zikipishana kwa sehemu 50 tu katika milioni, baada ya saa moja pengo ni sekunde 0.18, na sikio lolote linalisikia. Kwa hiyo kabla hujauliza maiki gani ni nzuri, uliza ni nani anayeshika saa.

Hatua ya 1: Kifaa kimoja kiingize sauti zote

Tafuta kadi ya sauti ya nje yenye matundu mengi kama maiki zako. Saa inakuwa moja, na hakuna anayemkimbia mwenzake. Usidanganywe na namba iliyo kwenye boksi: mara nyingi wanajumlisha na matundu ya kinanda au ya dijitali. Hesabu matundu ya XLR, yale ya pini tatu, yenye kitufe chake cha kuongeza nguvu ya sauti.

Ukiwa na mikisa ya USB (mashine ya kuchanganya sauti), soma maelezo yake vizuri. Mikisa nyingi hupokea maiki sita lakini hupeleka kwenye kompyuta chaneli mbili tu, zikiwa zimeshachanganywa. Mmoja akikohoa humwondoi tena. Na ile waya yenye vichwa viwili inayoingia kwenye tundu moja la maiki, achana nayo, kwani haizai traki mbili, yaani rekodi mbili zilizotengana.

Kama kadi bado hujapata, kwenye Mac fungua Audio MIDI Setup, unda Aggregate Device (inayounganisha maiki zote kuwa kifaa kimoja), kisha weka alama ya Drift Correction (kurekebisha kupishana kwa saa) kwa kila maiki isipokuwa ile uliyoichagua kushika saa. Njia nyingine ni kila mtu ajirekodi kwa simu yake, halafu mpige kofi moja mwanzoni na jingine mwishoni. Kofi la mwanzo linakuonyesha pa kuzilinganisha traki, la mwisho linakuonyesha zimepishana kiasi gani.

Hatua ya 2: Andaa programu

Mimi natumia Reaper, ila yoyote inayorekodi traki nyingi kwa pamoja inafaa. Kwenye Windows, sakinisha draiva ya ASIO (programu ya kuiunganisha kadi na kompyuta bila kuchelewesha sauti sana) ya watengenezaji wa kadi yako. Chagua sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24. Tengeneza traki tatu za mono (chaneli moja kila moja), ya kwanza ichukue ingizo la 1, ya pili la 2, ya tatu la 3, na uziandike majina ya wasemaji sasa hivi, maana kesho hutakumbuka nani alikuwa nani.

Kisha kwaruza kila maiki kwa kidole na uangalie ni traki ipi inayocheza. Zikicheza mbili kwa mkwaruzo mmoja, umekosea ingizo mahali fulani.

Maiki za kondensa (aina nyeti zaidi) zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi, za dainamiki hazihitaji. Shusha sauti ya hedifoni kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwasha umeme huo. Masikio yatakushukuru.

Hatua ya 3: Mahali pa kila maiki

Hapa ndipo kazi inapoharibika au kutengenezeka, na hakuna programu itakayokuokoa baadaye. Sauti ya mtu mmoja ikiingia kwenye maiki mbili, inafika ya pili ikiwa imechelewa kidogo, takriban milisekunde 3 kwa kila mita. Ukizichanganya, anasikika kama anaongea ndani ya pipa.

Dawa ni kanuni ya tatu kwa moja: mdomo ukiwa sentimita 15 kutoka kwenye maiki yake, maiki ya jirani ikae angalau sentimita 45 kutoka kwenye hiyo. Tumia maiki zinazosikia mbele tu, na mgongo wa kila moja uelekee kwa msemaji mwingine. Maiki isiyo na mtu izime. Kila maiki iliyo wazi inaongeza feni, kiti na mlio wa chumba, na ndiyo maana nikiwa na maiki nne na wasemaji watatu, ya nne inabaki kabatini.

Hatua ya 4: Viwango

Usimwambie mtu ahesabu moja, mbili, tatu. Mchekeshe. Kilele cha kicheko chake kikifika karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha programu (0 ndiyo mwisho wake), acha hapo. Ikigusa 0 imepasuka, na haishonwi.

Hatua ya 5: Rekodi

Wote wavae hedifoni, spika zizimwe. Kama kadi inaruhusu kusikiliza moja kwa moja, bila sauti kupitia kompyuta, weka bafa (akiba ya sauti inayosubiri kushughulikiwa) kubwa, sampuli 512, kompyuta ipumue. Hakikisha una nafasi: kila maiki inakula karibu megabaiti 520 kwa saa, hivyo tatu ni zaidi ya gigabaiti moja na nusu. Zima usingizi wa kompyuta na chomeka chaja.

Rekodi dakika moja ya majaribio, isikilize traki moja moja, kisha anza. Mkimaliza, nakili folda yote kwenye diski nyingine kabla hujakata hata sekunde moja.