Behewa hili lilizaliwa lini? Namna ya kufuatilia hopa zenye paa za Marekani

Hopa yenye paa ni behewa la kubebea nafaka na mizigo kama hiyo, hujazwa juu na kumwagwa kwa milango ya chini. Ukitaka kujua liliundwa lini, rangi iache kwanza. Anayelinunua behewa mara nyingi hulipaka upya, na nambari nayo hufutwa. Mimi huanza na chuma. Ubavu laini uliobinuka kama pipa mara nyingi huwa ni aina ya Center Flow ya kiwanda cha ACF, ya kuanzia miaka ya 1960. Ukiona mbavu za nje, usikimbilie kusema ni la kiwanda cha Pullman-Standard, maana hata wenzao FMC waliunda za namna hiyo. Hesabu mbavu, kisha linganisha na picha ya kiwandani.

Halafu soma maandishi madogo. Hapo ndipo nilipoumbuka. Pembeni mwa LT WT, yaani uzito wa behewa tupu, niliona 8-81, nikaandika kwamba liliundwa 1981. Kumbe hiyo ni tarehe ya kupimwa upya! Behewa jipya huandikwa NEW mahali hapo. Likipimwa tena, NEW hufutwa na kuwekwa alama ya karakana na tarehe. Ya kuzaliwa hutanguliwa na BLT. Lakini kosa lile lilinifaa: kwa nini lipimwe upya? Huenda milango ya chini ilibadilishwa, au vifuniko vya duara juu vikaondolewa ukawekwa mfereji mrefu. Uzito ukibadilika, tafuta kilichoguswa.

Picha haina tarehe? Kibandiko cha mistari ya rangi cha KarTrak, mfumo wa kulitambua behewa kwa mashine ya kusoma mistari hiyo, hakikuwapo kabla ya 1967. Doa la njano kwenye mraba mweusi, alama ya ukaguzi wa magurudumu, ni la 1978. Vyote hukuambia picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, basi; vibandiko vilibaki ubavuni miaka mingi baada ya mfumo kuachwa.

Sasa fungua Official Railway Equipment Register, orodha iliyochapishwa ya mabehewa na wenyewe, matoleo mawili yaliyopishana miaka kumi hivi. Tazama mfululizo wa nambari: yalikuwa mabehewa mangapi, yamebaki mangapi, ujazo wa futi za ujazo ni uleule? Yakipungua ghafla, yatafute kwa wamiliki wengine. Herufi za mwenye behewa, zilizo mbele ya nambari, zikiishia na X, mwenyewe si kampuni ya reli.

Michoro ya Pullman-Standard iko maktaba ya Pullman, katika makumbusho ya reli ya Illinois Railway Museum. Ukiwaandikia, taja nambari ya fungu la kiwandani (lot number), yaani kundi la mabehewa yaliyoundwa pamoja. Nambari iliyopakwa ubavuni ni ya mwenye behewa, si ya kiwanda.