Aliyeiga alama yako: jinsi ya kufika kwenye zuio la kudumu

Nasaga unga wa lishe Morogoro. Siku moja mteja wangu, mama mmoja wa Kariakoo, alinipigia akilalamika kwamba unga una mchanga. Akatuma picha: rangi zangu, mchoro wangu wa mtoto na bakuli, jina langu limebadilishwa herufi moja. Unga ule unalishwa watoto! Sikulala.

Anza na cheti cha alama ya biashara kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara. Bila alama iliyosajiliwa huwezi kushtaki kwa kuingiliwa alama. Utabaki kudai kwamba mtu anauza kwa kujifanya wewe, na hapo lazima uthibitishe kwanza kuwa wanunuzi wanakujua. Usajili wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuisha kila miaka 10. Ukiuza Zanzibar, sajili na huko kwa BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar, maana cheti cha bara hakivuki maji.

Kisha nunua. Usigombane na muuza duka. Chukua pakiti kwenye maduka tofauti, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kila duka, usizifungue.

Wakili aandike barua ya madai. Wangu hakujibiwa, tukaenda Mahakama Kuu tukiomba kwanza zuio la muda, yaani amri ya kumsimamisha mwigaji wakati kesi inaendelea. Jaji hupima mambo matatu yaliyowekwa katika kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe, 1969: kuna hoja ya msingi ya kuamuliwa, utapata hasara isiyofidika kwa fedha, na nani ataumia zaidi. Zuio hilo halizidi miezi 6 kwa amri moja, kwa hiyo andika tarehe yake ukutani.

Sasa kaa na wakili kwenye maombi ya mwisho wa hati ya madai, na msome neno kwa neno. Rasimu yetu ya kwanza ilitaja lile jina la kuiga tu. Nilikataa, kwa sababu angebadilisha herufi nyingine akaendelea. Tukaomba azuiwe daima yeye, watumishi na mawakala wake, kutumia alama yoyote inayofanana na yangu kiasi cha kumchanganya mnunuzi. Na akabidhi mifuko na lebo zote ziteketezwe. Fidia iombe pia, ila mimi nilitaka mifuko ile itoke sokoni.

Ukishinda, chukua nakala za hukumu na amri zenye muhuri. Mdaiwa akikaidi, unaomba kukazia hukumu: mali yake inaweza kukamatwa, au yeye mwenyewe kuwekwa jela kama mfungwa wa madai.

Nakala ya kwanza nilimpelekea yule mama wa Kariakoo, pamoja na mfuko wa unga wangu.