Jinsi ya kumrekodi bibi aliyefanya kazi kiwanda cha pamba (kwa sisi wa Tabora)

Mkoa wetu una wakina mama kibao waliopitia kiwanda cha nyuzi pale mjini au majineri (viwanda vya kuchambua pamba) ya huko Nzega na Igunga, wengi sasa ni mabibi na hakuna mtu amewahi kukaa nao akawauliza. Habari za pamba tukizisikia ni bei, ushirika, mbegu, dawa. Aliyekuwa anashinda na vumbi lile akiwa na mtoto wa kunyonya nyumbani hatajwi kabisa. Ukiwa na simu na muda, kazi hii unaiweza.

Nenda asubuhi akishamaliza chai, sio msimu wa kupalilia. Shikamoo lazima, ila kama ni Mnyamwezi au Msukuma ukianza na mwangaluka utaona anavyolegea. Mweleze unataka nini na nani atasikiliza, akikubali ndo uwashe. Simu iwe flight mode ili mtu asipige katikati, iweke juu ya kitambaa karibu yake, mbali na redio, jaribu dakika moja usikilize kwanza.

Sasa maswali, na hapa ndo wengi wanaharibu. Ukimuuliza "bibi maisha ya kiwandani yalikuwaje" atakujibu "magumu mjukuu wangu" na hapo umeishiwa. Uliza vitu vya mikono na saa: uliamka saa ngapi, nani alibaki na mtoto, ulikuwa unasimamia mashine ngapi, uzi ukikatika unaufanyaje, hebu nionyeshe kwa vidole. Mikono ikianza tu kukumbuka, mdomo unafuata.

Marekani ya kusini walishafanya hivi. Chuo kikuu cha North Carolina kilianzisha mradi wa kurekodi masimulizi mwaka 1973, wakaenda kwa wazee waliofanya kazi viwanda vya pamba, na kilichotoka huko ni mambo ambayo usingeyakuta kwenye mafaili ya tajiri. Nyumba ilikuwa ya kiwanda, kodi wanahesabu kwa chumba, na familia ilitegemewa kutoa wafanyakazi kulingana na vyumba ilivyopewa, kwa hiyo hata watoto wa kike wadogo waliingia kusokota. Lakini wakasimulia pia bustani za mboga, nguruwe wa kufuga, na majirani kumpelekea chakula aliyeumwa. Kwa hiyo na wewe uliza kota ilikuwa ya nani, ukiacha kazi unahama? Na jirani alikusaidia nini? Halafu uliza nani HAKUAJIRIWA, maana kule wanawake weusi walifungiwa nje ya kazi nyingi za mashine mpaka sheria ya 1964 iliyokataza ubaguzi kwenye ajira.

Kuna moja usiisahau, swali la Jumatatu. Vumbi la pamba linabana kifua, na mwanzoni linabana zaidi siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko, baadae linakuwa la kila siku. Muulize bibi Jumatatu alikuwa anapumuaje, na wenzake je. Kule wagonjwa waliungana wakadai, na mwaka 1978 serikali yao ikaweka kikomo cha vumbi linaloruhusiwa kiwandani. Kama bibi yako bado anakohoa au anaishiwa pumzi mpeleke hospitali, na aseme wazi kwa daktari kwamba alifanya kazi ya pamba, maana asiposema daktari atajuaje.

Swali la mtoto anapoumwa nalo lina uzito. Ella May Wiggins, mfanyakazi wa kiwanda huko Gaston, North Carolina, alisimulia kwamba watoto wake walipougua kifaduro aliomba shifti ya mchana ili awauguze usiku, akanyimwa, na wanne wakafa. Akaingia kwenye mgomo, akatunga nyimbo za wakina mama wa kiwandani, na tarehe 14 Septemba 1929 akapigwa risasi akiwa kwenye lori wakienda mkutanoni. Walioshtakiwa waliachiwa huru. Bibi yako anaweza kuwa na jibu zito hivyohivyo, kwa hiyo ukiuliza nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu usikijaze wewe. Akilia zima simu, kaa naye tu.

Ukimaliza andika jina la faili na tarehe na mahali, kopi moja weka kwenye memori kadi na nyingine kwa ndugu, usiiache kwenye WhatsApp peke yake. Msikilizishe mwenyewe, anachotaka kitolewe kitoe.

Alafu rudi tena siku nyingine. Mambo ya mshahara kukatwa na wasimamizi kuwasumbua wasichana mara nyingi hayatoki siku ya kwanza, na kama wewe ni mwanaume hapo mpe dada yako au mama mmoja wa mtaani simu aulize yeye, wewe toka nje.