Kuotesha Miche ya Mboga Ndani ya Nyumba Katika Baridi ya Kigezi

Mtu aliyezoea Kampala au Jinja hushangaa akiambiwa kwamba hapa hapa Uganda mbegu ya nyanya inaweza kukaa ardhini wiki tatu nzima bila kuchomoza. Sisi wa Kigezi, kusini-magharibi mwa nchi, tunaolima Kabale, Rubanda na kwenye vilima vinavyolizunguka Ziwa Bunyonyi, ambalo lenyewe liko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, tunalijua jambo hilo vizuri, na wenzetu wa Kapchorwa na Bukwo kwenye miteremko ya Mlima Elgon nao wanalijua. Kila unapopanda mita 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii, na kwa hiyo Kabale huwa na baridi kuliko Kampala kwa digrii nne au tano hivi. Mwezi wa Juni na Julai mvua zikishakatika, anga huwa wazi usiku, ardhi hupoteza joto lake lote, na alfajiri kipimajoto huweza kushuka hadi karibu digrii 10. Hali hiyo haimuui mtu aliyevaa koti, lakini mbegu ya nyanya au ya pilipili hoho hulala tu udongoni hadi ioze au iliwe na wadudu.

Wakulima wa nchi zenye majira ya baridi, kama Uingereza na Kanada, wana elimu ya siku nyingi juu ya jambo hili. Wao husia nyanya ndani ya nyumba wiki sita hadi nane kabla ya jalidi ya mwisho kupita, na huikuza miche chini ya taa kwa sababu nje hakuna joto wala mwanga wa kutosha. Elimu hiyo inatufaa sana, ila ukiichukua jinsi ilivyo utaharibu miche yako. Sisi tuko jirani na ikweta: mchana wetu una takriban saa 12 mwaka mzima, na jua la adhuhuri lina nguvu hata Julai. Baridi yetu ni ya usiku na ya asubuhi yenye ukungu. Kwa hiyo kanuni ninayoifuata mimi ni hii: mbegu iotee ndani, na mche ulale ndani lakini ushinde nje.

Inafaa kuelewa kwanza jinsi joto linavyofanya kazi, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea kwa kudhani kwamba mbegu zao ni mbovu. Udongo ukiwa na digrii 25, nyanya huchomoza kwa siku sita hivi. Ukiwa na digrii 20, huchukua siku nane. Ukiwa na 15, wiki mbili. Na ukiwa na 10, zaidi ya siku 40, ikiwa mbegu haijaoza kabla ya hapo. Pilipili hoho ni ngumu zaidi, kwani kwenye digrii 15 huchukua karibu siku 25, ilhali kwenye 25 hutosheka na siku nane. Biringanya na ndugu zake nakati na ntula nazo hupenda joto. Kabichi ni mvumilivu: hata kwenye digrii 10 huota baada ya wiki mbili hivi, na kitunguu vilevile. Ndiyo sababu sishughuliki kuingiza kabichi ndani isipokuwa ninapokuwa na haraka, ila nyanya, hoho na biringanya siziachi nje hata usiku mmoja kabla hazijachomoza. Karoti usiioteshe kwenye chombo kabisa, kwa kuwa mzizi wake hujikunja unapoihamisha. Isie moja kwa moja shambani.

Kalenda yetu huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka mvua za Septemba. Kwa kuwa usiku wetu wa baridi huichelewesha miche, mimi huongeza wiki moja juu ya muda unaoandikwa kwenye pakiti. Hoho na biringanya nazisia mwanzoni mwa Julai, kwa sababu zinahitaji wiki nane au zaidi hadi ziwe tayari. Nyanya nazisia mwishoni mwa Julai, na kabichi katika wiki mbili za kwanza za Agosti. Anayelima kwa mvua za Machi naye ahesabu vivyo hivyo kuanzia Januari, ingawa wakati huo baridi huwa imepungua.

Kabla ya kuandaa udongo, pima mbegu zako. Hesabu mbegu kumi, zipange juu ya kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa, kikunje, kitie ndani ya kavera (mfuko wa plastiki), kisha kiweke mahali penye joto. Mama mmoja jirani yangu, ambaye ametunza bustani tangu kabla mimi sijazaliwa, hufunga kitambaa hicho kiunoni chini ya leso na kutembea nacho mchana kutwa, na usiku hukiweka karibu na jiko. Siku ya nne au ya tano utaona kijizizi cheupe, chembamba kama uzi wa kushonea, kimetoboa ganda la mbegu. Zikiota nane au zaidi, una mbegu nzuri. Zikiota tano, sia mara mbili ya kiasi ulichokusudia. Zikiota mbili, irudishe pakiti dukani na udai haki yako, kwa maana mbegu bandia zimetutia hasara nyingi, na muuzaji anayerudishiwa pakiti hujifunza.

Vyombo havihitaji gharama. Jerikeni ya manjano ya mafuta ya kupikia, ukiilaza na kuikata upande mmoja, huwa trei nzuri na imara yenye mkono wa kuibebea, na mkono huo una faida kubwa kwa mtu atakayeingiza na kutoa miche kila siku. Pasha msumari moto, toboa matundu kumi au kumi na mbili chini yake, kisha tandaza kokoto ndogo. Udongo nauchanganya hivi: sehemu tatu za udongo wa juu uliopumzika, sehemu mbili za mboji iliyoiva kabisa na kuchekechwa, na sehemu moja ya mchanga wa mtoni. Mwenye ndugu Kisoro anaweza kuomba gunia la udongo mweusi wa volkeno, ambao ni mwepesi na hautuamishi maji. Usichukue udongo uliopandwa nyanya au viazi ulaya msimu uliopita. Kisha uuchemshe kwa mvuke: weka maji kidogo chini ya pipa au sufuria kuukuu, weka vijiti vya kuinua, mimina udongo ndani ya gunia juu ya vijiti, funika, na uache mvuke upite kwa nusu saa baada ya udongo wote kuwa wa moto kiasi cha kutoshikika. Kazi hii inachosha na inakula kuni, lakini ndiyo inayoua vimelea vya kinyausi, ugonjwa unaoangusha miche michanga.

Siku ya kusia, jaza udongo uliopoa hadi vidole viwili kutoka ukingoni, ukandamize kidogo kwa kiganja, na uuloweshe kwa maji ya uvuguvugu kwa kuisimamisha trei ndani ya beseni hadi unyevu upande wenyewe juu. Chora mistari kwa kijiti. Mbegu ifunikwe kwa udongo wenye kina cha mara mbili au tatu ya upana wake. Kwa nyanya na hoho hiyo ni nusu sentimita hadi sentimita moja. Mbegu ya saladi iiache karibu na juu kabisa, maana huhitaji mwanga ili iote. Funika chombo kwa kavera safi ili unyevu usitoke, na uandike jina la mmea na tarehe.

Mahali pa kuiweka trei hiyo ni uchagani, juu ya mafiga, pale tunapokaushia mahindi. Mbegu zilizofukiwa hazihitaji mwanga, kwa hiyo giza la jikoni halizidhuru, na udongo ule hukaa kwenye digrii 20 na kitu hata alfajiri kwa sababu majivu hayapoi usiku kucha. Gusa udongo kwa mkono kila jioni: usiwe baridi wala moto. Ukiwa moto, pandisha trei juu zaidi. Asiye na jiko la kuni ajaze jerikeni maji ya moto, aifunge vizuri, aiweke katikati ya trei ndani ya sanduku au pembeni mwa chumba, kisha afunike vyote kwa blanketi hadi asubuhi. Lakini nakusihi, usilaze sigiri yenye mkaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili ya miche. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, na imeua familia zilizolala bila kujua. Hakuna mche wenye thamani hiyo.

Siku shingo ya mche wa kwanza inapochomoza, kila kitu hubadilika, na hapa ndipo mwaka wangu wa kwanza nilipopoteza miche yote. Niliiona asubuhi: mashina madogo yaliyopinda kama ndoana, ya rangi ya kijani hafifu, mengine yakiwa bado yamevaa ganda la mbegu kichwani. Nilifurahi, nikaiacha uchagani siku tatu zaidi ili ipate joto. Nilipoishusha ilikuwa mirefu kuliko kidole, myeupe, imelalia upande mmoja, na majani yake yamekunjwa na moshi. Mche uliorefuka gizani haurudi nyuma. Tangu hapo nachungulia trei asubuhi na jioni, na theluthi moja ya mbegu zikishachomoza, trei yote inatoka jikoni siku hiyo hiyo.

Vitabu vya Ulaya vitakuambia uiweke kwenye dirisha linalotazama kusini. Huko ni sawa, kwa sababu jua lao liko upande huo. Kabale iko kusini kidogo ya ikweta, na kati ya Aprili na Agosti jua letu hupita upande wa kaskazini. Tena hupita juu sana, hivi kwamba upenu wa bati huzuia mwanga usiingie dirishani. Dirisha letu, hata lililo kubwa, huwapa miche mwanga wa upande mmoja tu, nayo hupinda. Kwa hiyo toa trei nje ukungu unapoinuka, mara nyingi kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, uiweke juu ya meza mbele ya ukuta unaopata jua, chini ya plastiki angavu iliyovutwa juu ya vijiti ili upepo usiipige. Siku mbili za kwanza weka kivuli chepesi adhuhuri. Saa kumi na moja jioni, kabla kijua hakijazama nyuma ya kilima, irudishe ndani. Anayeishi bondeni asichelewe, kwani hewa baridi huteremka kutoka vilimani kama maji na kutuama huko.

Maji mwagilia asubuhi tu, baada ya kugusa udongo na kuuona umeanza kukauka juu. Anayemwagilia jioni huilaza miche ikiwa imelowa katika baridi, na kinyausi hupenda hali hiyo kuliko nyingine yoyote: utakuta shina limesinyaa na kuwa jeusi pale linapogusana na udongo, na mche umeanguka kana kwamba umekatwa kwa wembe. Mche ulioanguka hauponi. Ung'oe pamoja na udongo wake, acha kumwagilia siku mbili, fungua plastiki hewa ipite, na upunguze miche iliyosongamana.

Mwenye ng'ombe au mbuzi na nafasi uani anaweza kujipunguzia kazi ya kubeba trei kwa kutengeneza kitalu cha joto. Chimba shimo la kina cha sentimita 60, lijaze samadi mbichi iliyochanganywa na majani makavu, ukiinyunyizia maji na kuikanyaga kila tabaka, kisha weka sentimita 15 za udongo juu. Samadi inapochacha hupanda joto sana, kwa hiyo usiweke kitu siku za mwanzo. Chomeka kijiti kirefu, kiache dakika kumi, kichomoe na ukishike: kikikuunguza, subiri, kikiwa na joto la kupendeza, panga trei juu na ufunike kwa plastiki angavu, na usiku uongeze mkeka juu yake. Joto hilo hudumu wiki kadhaa.

Mche ukishatoa jani la kweli la pili, bila kuhesabu yale majani mawili ya mwanzo yanayotoka na mbegu, uhamishie kwenye kopo lake au kwenye kikombe cha ganda la mgomba, ukiushika kwa jani na si kwa shina, kwani jani likichanika litaota jingine. Nyanya ifukie hadi karibu na majani ya kwanza. Itatoa mizizi kando ya shina.

Siku kumi kabla ya kupandikiza, anza kuizoesha. Ondoa plastiki mchana, punguza maji, kisha iache nje chini ya upenu usiku mmoja, halafu miwili, hadi izoee baridi yote. Nyanya yenye urefu wa kiganja, shina nene kama penseli na rangi ya kijani iliyokolea iko tayari. Pandikiza jioni mvua zikishatulia, ukiacha sentimita 60 kati ya mistari na 45 hadi 50 kati ya miche, na uwe mbali na shamba la viazi ulaya, kwa sababu ugonjwa wa baka jani chelewa huhama kutoka viazi hadi nyanya katika hali ya ubaridi na unyevunyevu kama yetu. Juma la kwanza, kila mche uufunike usiku kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, na asubuhi uiondoe jua linapofika shambani.